Hodi za Punda

Punda alihamia jirani na Jogoo, na wiki haikwisha akaanza kulalamika. "Huyu bwana anawika jua halijatoka. Watu hatulali."

Lakini Punda alikuwa mstaarabu, hakupenda ugomvi. Akaamua kupita nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani wakubali Jogoo ahamishwe. Ili asimkose mtu, alipita alfajiri, kukipambazuka tu. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, hakuingia kwa mtu bila kupiga hodi tatu.

Hodi ya Punda mnaijua. Kwa Bata vifaranga waliangua kilio. Kwa Mbuzi sufuria zilianguka kutoka kwenye kichanja, na mwenyewe akatoka mbio.

"Karibu, Mzee Punda. Kuna msiba?"

"Kuna kelele, bibie. Hujazisikia?"

"Nimezisikia," Mbuzi alisema, akiokota sufuria.

"Basi tuko pamoja."

Mbuzi akasema atafikiria. Bata naye akasema vivyo hivyo. Kesho yake alfajiri Punda akarudi kuchukua jibu, na keshokutwa pia, hodi tatu kila mlango.

Siku ya saba majirani wote wakaongozana hadi kwa Jogoo. Punda aliwaona, akatikisa masikio kwa furaha.

"Jirani," Mbuzi alimwambia Jogoo, "tumekaa, tumekubaliana. Kuanzia kesho tunakuomba uwike mapema zaidi."

"Kulikoni?"

"Tupate kuondoka nyumbani kabla Punda hajaja kututetea."