Nyota ya Kaa

Kijiko kiligonga kikombe gizani, kule nyuma ya wageni. Mahfudhi alijua ni mama yake anakoroga chai. Mapazia yalikuwa yamefungwa, na ukutani filamu mpya ya Mahfudhi ilimwonyesha mwanamke akisonga ugali, mgongo tu, kama wanawake wote katika filamu zake.

"Nyota ya Kaa hiyo!" alisema Bi Zamda, mnajimu wa mtaani. "Kaa haendi mbele, huenda upande. Ndiyo maana mwongozaji wetu hamtazami mtu usoni."

"Umepatia, shangazi," Mahfudhi alijibu, na wageni wakapiga makofi.

Lakini yule mwanamke wa ukutani alikuwa amefunga kitambaa cha kichwa kwa fundo lilelile la mama. Enzi za shule, Mahfudhi alitembea nyuma ya fundo hilo njia nzima, wenzake wasije wakajua kwamba yule mwenye shavu lililoungua ni mama yake.

Kijiko kilinyamaza. Soni ilimjaa Mahfudhi, hakuthubutu kugeuka.

Binti yake mdogo, Nuhaila, akaenda akaugusa ule mgongo ukutani.

"Baba, mgeuze Bibi atuangalie."