Kelele za Fumo

Kila nyumba mtaani ilitunza mtungi wa serikali, unaosubiri atomu moja ivunjike kwa namna ambayo wanasayansi waliapa haiwezekani. Kelele zikiusumbua mtungi, mwenye kelele anahamishwa.

Tangu Fumo azaliwe, taa ya mtungi haikuacha kuwa nyekundu. Tunu aliacha kumwimbia, akawa anamtia ziwa mdomoni kabla hajalia. Mumewe, Sefu, bingwa wa mizaha, alizima chafya zake kwenye mto wa kulalia.

“Mtoto mpole kumshinda mama yako,” alimwambia Fumo. “Huo mtungi unasikia nini?”

Mkaguzi alipokuja, Fumo alikuwa amelala fofofo. Taa ikabaki nyekundu.

“Unaona? Kimya!” Tunu alidakia. “Hajalia tangu juzi, kaka, nakuapia.”

“Mtungi hauna masikio, dada. Kelele kwetu ni miale, na kila mwili unaitoa, hata ukilala. Nyumba hii inaruhusiwa miili miwili tu. Mmoja aondoke leo.”

“Nitamfunika blanketi…”

Sefu alitafuta la kuchekesha, akalikosa. Akaanza kutafuta viatu vyake.

Tunu aliviona uvunguni, akanyamaza.