Mashimo ya Muhanga

Sogeeni karibu, wajukuu, na anayetafuna ameze kwanza. Ninyamazieni.

Muhanga, yule mnyama mchimba mashimo, alikuwa mama mchovu. Kiangazi kizima alichimba mashimo shambani, akayatia samadi, lakini mbegu hakuwa nazo. Wanawe walikwisha kuzila kwa njaa.

Ndege Kwale, jirani yake wa upande wa juu, alikuwa nazo tele.

“Nigawie kidogo, shoga.”

“Nizike mbegu zangu kaburini?” Kwale akacheka. Akamwaga zake juu ya ardhi ngumu, akaenda kulala.

Mvua ikaja mara moja tu. Maji yakateleza shambani kwa Kwale, yakazoa mbegu zote, yakazitua mashimoni kwa Muhanga. Mtama ukasimama humo.

Kwale akaja mbio. “Mbegu zangu hizo!”

Muhanga hakuwa na nguvu za kugombana. “Lete kikapu tugawane. Ila kiangazi kijacho tuchimbe wote.”

“Nitachimba, dada, haki ya Mungu!”

Kiangazi kilipofika, Kwale hakuonekana. Muhanga akashika kiuno, akainama peke yake, ila safari hii mbegu alikuwa nazo.

Basi watoto wa Muhanga walirithi mashimo na mgongo uliopinda. Wa Kwale walirithi kuparura vumbi, punje moja moja, mpaka leo.