Chambo cha Waridi

Josiane alitoa krapi mwingine majini, na Émile akatazama pembeni kama mtu aliyetukanwa.

"Rangi, shemeji," Josiane alisema, akimtikisa samaki mbele ya pua yake. "Nimekwambia, maji yakiwa na tope tumia chambo cha waridi. Wewe unang'ang'ania kijani. Ati mtoto wa Uvira."

"Uvira tunavua samaki wa maana, Mama Christelle. Si hawa waliobapa kama sahani."

"Basi watoe hao wasio na maana, tuone."

Ilimuuma. Émile Wilondja alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika; nyavu za baba yake ndizo zilizomlisha. Shemeji yake huyu alitoka milimani Masisi, kwa wafuga ng'ombe, na kabla ya kufika Texas hakuwahi kushika ndoana. Lakini kila Jumamosi, kwenye ziwa hili nje ya Grand Prairie, alikaa pale pale, ukingoni mwa njia ya saruji iliyokuwa ya kushushia mashua kabla haijafungwa, akajaza ndoo. Mwenyewe hakula hata mmoja. Alisema wana miiba. Ndoo nzima alimpa Émile, naye Émile aliwakaanga kwa pilipili, akala kwa hasira ya kushindwa.

Ukweli usemwe, Émile hakuja pale kwa ajili ya samaki. Alikuja kwa ajili ya kaka yake.

Nathanaël, mume wa Josiane, aliondoka nyumbani na gari lake siku moja ya mvua. Kilichorudi ni ujumbe mmoja kwenye simu ya mkewe: Niko Houston. Msinitafute. Émile akamtafuta. Alishuka Houston mara nyingi, akazunguka makanisa ya Wakongo, akasimama nje ya maghala wakati wa kubadilishana zamu, akafika hadi Pearland kwa sababu mtu alidai kumwona huko. Barabarani, kila Camry ya rangi ya maziwa, kama ya kaka yake, ilimfanya apunguze mwendo amchungulie dereva. Akilala, alimwota kaka yake amesimama mbele yake, amempa mgongo, shati limelowa, haitiki wala hageuki.

Na kila Jumapili mama yao alipiga simu kutoka Uvira kuuliza neno lile lile: "Nilie, ao ningoje?" Émile alikuwa amemwahidi jibu kabla ya Pasaka.

"Tuweke matanga," alimwambia Josiane siku ile. "Mama amechoka kungoja."

"Mtu aliye Houston hawekewi matanga." Josiane hakuondoa macho kwenye uzi wake. "Badilisha chambo."

Akabadilisha. Jumamosi iliyofuata alikuja na waridi tupu. Akarusha kushoto kwa shemeji yake, patupu. Akaenda kurusha kule chini ya daraja, patupu. Kisha Josiane akaenda msalani, na Émile akarusha chambo cheusi, kichakavu, pale pale anaporusha yeye. Krapi akakimeza kabla hakijatulia. Akarusha cheupe: krapi. Akatunga kipande cha mkate: krapi.

Kazini alimsimulia Kimutai, Mkenya aliyeendesha forklift kwenye ghala lao. Kimutai alicheka hadi akashika tumbo.

"Buda, umechezwa. Rangi ni hadithi ya wauza vyambo. Krapi hakai mahali wazi, anataka kitu cha kujificha. Watu huku huzamisha hata mti wa Krismasi, samaki wakahamia, halafu wakafunga mdomo, hata ndugu yao hawamwambii. Huyo shemeji yako amezamisha kitu."

Émile alifurahi wiki nzima. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kulala bila kuota. Jumamosi alifika na kamba nene, na mwisho wake ndoana kubwa ya pembe tatu yenye uzito wa risasi.

"Mama Christelle, nimekukamata. Hakuna cha waridi wala nini. Umezamisha mti."

Josiane akatabasamu. "Bon. Nimezamisha mti. Umeshinda. Twende nyumbani, nikupikie ugali."

"Kwanza nitoe tawi. Kesho nalipeleka kanisani, wajue siku zote mvuvi alikuwa nani na mwizi alikuwa nani."

"Acha, shemeji."

"Unaona haya sasa? Na zile kelele zako zote?"

Akarusha. Ndoana ilizama, ikaburutika kidogo, ikanasa. Akavuta. Kilichonasa hakikupinda kama tawi wala hakikukatika. Kilikwaruza, kigumu juu ya kigumu, na mkwaruzo ule ukapanda na kamba hadi viganjani mwake. Émile akacheka, akajizungushia kamba mkononi, akakita miguu kwenye saruji.

Josiane aliweka kiganja chake juu ya kamba. Tangu aolewe katika ukoo wao hakuwahi kumwita kwa jina.

"Usivute, Émile," alisema taratibu. "Niliacha madirisha ya gari wazi ili lizame upesi. Atatoka."