Taa ya Mama

Siku hizi kila sebule ina taa ukutani. Huwaka nyekundu mwenye nyumba anapomdharau mtu aliye mbele yake kwa rangi au kabila lake. Ya kwetu mama aliifunika kitambaa cha kufuma, eti isishike vumbi. Jioni alikaa mbele ya runinga kutazama hesabu ya taa za mataifa: Ulaya nyekundu, Marekani nyekundu, Uarabuni nyekundu.

"Wabaguzi wakubwa! Hawana hata haya," alisema, akitafuna kashata.

Leo kina Lugano, mchumba wangu, watu wa Mbeya, wamekuja kuniposa. Mama aliifunua taa mwenyewe, kwa madaha, wageni waione nyumba ya waungwana. Ikawaka kama kaa la moto. Mshenga wao akainamisha kichwa. Chai wakanywea vikombe vya plastiki. Vya kaure vilibaki kabatini.

"Mbovu hiyo," mama alisema walipoondoka. "Taa ya Wazungu itazijuaje roho zetu? Sisi hatumbagui mtu, mwanangu."

Nilitazama ukutani. Sebuleni tulibaki wawili tu, yeye na mimi niliyechukua weusi wa marehemu baba, na taa ilikuwa bado inawaka.