Ukuta Usiotaka Joto

Binti yangu Saumu alijifungua jana, nami nikabandika maji ya kumkanda, kama mama yangu alivyonikanda mimi. Hata hayajachemka, king'ora cha ukutani kikalia na mkaguzi akaingia.

Katika kuta za mtaa wetu wamepachika utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ukikaa kwenye baridi kali, umeme hupita humo kwenda mahotelini bila kupotea hata chembe. Ukipata joto kidogo tu, taa za huko zinazimika. Ndiyo maana kwetu moto ni marufuku.

"Mkande kwa maji baridi, bibi," alisema mkaguzi, huku akiyamwaga yale ya moto.

"Kwani aliyezaa ni ukuta?"

Aliugusa ukuta kwa kiganja, taratibu, kama unavyompima mtoto homa, akaguna kwa kuridhika. Nyuma yake Saumu alikuwa anatetemeka hadi meno yanagongana.