Ugali wa Mtaalamu

"Mwambie ale," alisema Mama Cornelia, akausukuma ugali kwa kiwiko mpaka mbele ya mzungu. Kwa kiwiko! Mikono ameificha ndani ya kitenge, na wageni amewapokea bila kuwapa mkono, jambo ambalo Ufipa hata mlevi halifanyi. Jana kutwa hakuonekana kijijini, na leo ndiyo adabu hii.

Andwele, afisa ushirika aliyemleta mzungu huyo kutoka Sumbawanga mjini, aliona aibu. "Mama, mgeni anasema ameshiba."

"Ameshiba nini? Vumbi la njiani?"

Wanawake waliojazana uani wakaangua kicheko. Lakini moyoni walikuwa na hasira, na haki yao. Walipohamishiwa kijiji cha ujamaa waliambiwa mawe ya kusagia wayaache kwenye mahame ya kijiji chao cha zamani, maana mashine inakuja kutoka Ulaya. Kweli ikaja. Ikawa inasaga ulezi na kujisaga yenyewe, unga unatoka na chembe za chuma. Mzee Polikarp alivunjika jino. Watoto walishinda wakilia matumbo. Kampuni iliyoiuza ilipolalamikiwa ikajibu kwamba mashine ni nzima, wanakijiji ndio wanaotia mchanga kwenye nafaka. Wakakataa, wakapiga kelele, hadi ikamtuma mtaalamu wake.

Huyo mtaalamu asubuhi hii aliigongagonga mashine kwa bisibisi, akatoka na wimbo ule ule: nzima, mchanga wenu. Akiondoka na neno hilo, basi tena. Hakuna mashine nyingine, na watoto wataendelea kula chuma.

"Kwa hiyo mashine ni nzima?" aliuliza Cornelia.

Andwele akatafsiri. Mzungu akaitikia kwa kichwa.

"Basi ale. Au tumbo lake halifanani na la mjukuu wangu?"

Mzungu aliutazama ugali. Ulikuwa wa ulezi, mweusi tii; kilichomo ndani hukioni. Akamega tonge dogo, akalichovya kwenye maharage, akalinyanyua. Akasita.

Njiani Andwele alikuwa amemweleza kwamba huku, kama kwao Tukuyu, mwenyeji huonja kwanza. Mzungu akangoja. Cornelia hakuonja. Alimkazia macho tu, mikono ndani ya kitenge.

"Mwambie mimi ndiye ninayengoja. Kama ni mchanga wetu, autafune, sisi tumeutafuna. Kama ni chuma chake, anakijua mwenyewe."

Jasho likamtoka mzungu katika baridi ile ya Juni. Hatimaye akalirudisha tonge kwenye sahani, akasema maneno machache bila kumtazama mtu.

"Anasema..." Andwele akawageukia wanawake. "Anasema vyuma vya kusagia ni vibovu. Hata kiwandani walijua. Wataleta mashine nyingine, kwa gharama yao."

"Walijua!" Josefina, mama wa watoto wawili waliokuwa wagonjwa, alitaka kumrukia. Wenzake wakamshika.

"Mwache," alisema Cornelia. "Aandike alivyosema, hapa hapa, tukimwona."

Akaandika, akatia sahihi. Vigelegele vikalipuka, na mzungu akaenda kujifungia ndani ya Landrova.

Andwele alibaki nyuma, uso umemkunjamana. "Mama, leo umenitisha. Na je, angekula? Kweli ungemlisha mgeni chuma?"

"Chuma?" Cornelia alimtazama kana kwamba ametukanwa. Akaitoa mikono kwenye kitenge. Viganja vilikuwa vimechubuka, malengelenge yamepasuka. Akamega tonge kubwa, akalichovya, akala polepole mpaka likaisha.

"Mwanangu, mgeni wangu nimsagie kwa mashine ile? Jana nilirudi kwenye mahame, nikausaga ulezi mwenyewe kwa jiwe la mama."